Mama Msingi Alipotoka Katikati ya Ibada

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha somo la ibada katika chuo chetu cha Biblia, Mama Msingi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kila walipomletea jambo jipya la kufanya kanisani, aliwauliza msingi wake katika Maandiko ni upi, kisha akakaa nao mpaka waupate.

Alianza katika chumba kilichopakana na jiko, akishindania usikivu wa darasa na harufu ya vitunguu. Wasiomjua watashangaa kusikia kwamba mwalimu huyu wa ibada hakujaliwa sauti. Mwalimu wa kwaya aliwahi kumwomba, kwa adabu zote, asimame mbali na kipaza sauti. Alicheka kuliko sisi sote, akajitetea kwamba Zaburi inaagiza shangwe, haisemi lazima iwe tamu.

Mwaka ambao chuo kilipata kinanda cha umeme na seti ya ngoma, tuligawanyika. Wengine walitaka nyimbo za kitabuni tu. Wengine, wakiongozwa na mwalimu kijana wa muziki, walitaka sifa za kisasa. Maneno yakawa makali, na watu wa vyombo vya muziki wakahamia ukumbi wa chakula. Chuo kimoja, ibada mbili. Mama Msingi aliupigania upande wa vitabu kwa nguvu zote, na muhula mzima yeye na kijana yule hawakusalimiana.

Asubuhi moja ilikuwa zamu yake kuhubiri. Alitusomea jinsi Mungu, kwa kinywa cha nabii Amosi, alivyozikataa nyimbo za watu wasiotenda haki. Akaendelea na agizo la Yesu kwa mtu aliyeleta sadaka madhabahuni na kukumbuka hapo kwamba ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka, aende kwanza apatane naye. Hapo akavua miwani, akafunga Biblia, akatoka nje. Tulidhani anaumwa. Matroni akamkimbilia, nasi tukafuata.

Alikwenda moja kwa moja ukumbi wa chakula, akapita katikati ya mabenchi mpaka kwenye kinanda. Muziki ukakatika.

"Mwanangu," alimwambia yule mwalimu mbele ya wanafunzi wake, "nimekuwa nikifundisha ibada bila kuabudu. Nisamehe."

Kijana alisimama, akamkumbatia. Baadaye alitueleza kwamba alikuwa ameshafungasha vitu vyake, tayari kuondoka chuoni wiki ileile.

Hakuondoka. Tangu siku hiyo tunaabudu pamoja, na wawili hao wamelifundisha somo la ibada bega kwa bega. Mchungaji mmoja alipopiga simu kuuliza kama ni sawa kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, Mama alimuuliza kama bibi wa benchi la nyuma anayaona, maana kuimba ni kwa kusanyiko zima. Kuanzia Julai, mwalimu wa muziki ndiye atakayeongoza idara ya ibada.

Wiki iliyopita tulimwomba Mama achague wimbo wa kuagwa nao. Amechagua uliotungwa mwaka huu na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maneno bado yanampiga chenga, lakini anafanya mazoezi.

Asante, Mama, kwa kila somo, na zaidi kwa asubuhi ile. Mungu akupe afya na miaka mirefu ya furaha, wewe na nyumba yako yote.