Hafidha binti Yahya, Aliyeombolezwa Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, jirani, na wageni mliofika hapa Mlingotini kutoka Bagamoyo mjini, Miono na Dar es Salaam, asalaam aleikum, na kwa wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Twalib Yahya, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, nami nimepewa kazi hii kwa sababu kila upande ulimkataa msomaji wa upande mwingine, nikabaki mimi, mzee asiye na madhara.

Marehemu Mwalimu Hafidha binti Yahya alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, Bagamoyo mjini, katika nyumba ya baba yetu, mfanyabiashara wa nguo, mtu wa swala tano na wa neno moja. Mwaka 1957 alipelekwa chuoni kusoma Kurani, akaikhitimu akiwa na umri wa miaka kumi, na mwaka 1962 baba alimwandikisha katika shule ya mapadre, si kwa kuupenda Ukristo, bali kwa kuwa hesabu ilikuwa ikifundishwa vizuri huko. Akawa anasoma Yasini alfajiri na kusikiliza katekisimu mchana, na aliniambia mara nyingi kwamba hakuona ugomvi wowote kati ya vitabu vile viwili, ugomvi aliukuta kwa wasomaji.

Alihitimu chuo cha ualimu Desemba 1973, akaanza kazi Miono Januari 1974, akafundisha historia kwa miaka thelathini na saba, mwisho akiwa hapa hapa Mlingotini, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Waliosoma kwake wanakumbuka ubao alioukata katikati kwa chaki, upande mmoja Uislamu, upande wa pili Ukristo, wanafunzi wakipita mmoja mmoja kuandika kila dini ilileta nini pwani hii na ilichukua nini. Kwa Uislamu waliandika herufi, biashara, sheria ya mirathi iliyompa binti fungu lake, na mtoto wa mjakazi kuitwa kwa jina la baba yake akawa huru, kisha chini yake wakaandika misafara iliyowafikisha watu hapa wakiwa na minyororo shingoni. Kwa Ukristo waliandika hospitali, shule, na watu waliokombolewa kwa kununuliwa, kisha chini yake wakaandika kwamba waliokombolewa walipewa jina jipya, jembe, kengele ya kuamkia na mke wa kuchaguliwa, na asiyeamka aliadhibiwa. Siku moja kijana mmoja wa Mkange alimuuliza, "Sasa mwalimu, ipi ilizidi?" naye akajibu, "Kamuulize aliyebebwa, usimuulize aliyebeba," akafuta ubao, akatoa zoezi.

Tarehe 19 Agosti 1978, katika ofisi ya serikali, marehemu alifunga ndoa na Anselmi Feruzi, tabibu wa zahanati ya Miono, Mkristo ambaye wazee wake walikuwa miongoni mwa watu walionunuliwa na mapadre. Hapa lazima niseme yaliyotokea wiki moja kabla, maana nilikuwapo. Baba alimwambia, "Hafidha, binti yangu mimi uolewe na mjukuu wa watu wa kununuliwa?" Dada, ambaye hakuwa na tabia ya kupandisha sauti, akasema, "Na Bibi Mwanamvua, aliyemzaa babu yetu, alifika Bagamoyo kwa nauli ya nani, baba?" Bibi Mwanamvua alikuwa suria, mjakazi aliyezaa na bwana wake, jambo lililojulikana mji mzima na lisilotamkwa nyumbani kwetu hata mara moja, na kwa kulitamka dada alikuwa amesema kwamba familia hizi mbili zinazodharauliana zilishuka kutoka bara kwa njia moja.

Siku ya ndoa baba alitandika mikeka barazani, akatangaza kwamba binti yake amefariki, akaketi tanga siku tatu. Watu walikuja, wakatoa pole, wakasoma hitma, na mimi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, nilibeba sinia za pilau. Siku ya tatu dada alitokea mlangoni na kanga yake kichwani, akasema, "Shikamoo baba." Baba akajibu bila kuinua uso, "Maiti haamkii watu." Watu wakacheka, wengine kwa woga, nami nikacheka. Dada akasema, "Basi marahaba sitaidai, lakini nipeni sahani, nimetembea tangu asubuhi kuja kwenye msiba wangu." Hakuna aliyempa. Baba aliishi miaka kumi na minane zaidi, na hakumsalimu wala kuamkiwa naye hadi alipokufa.

Baada ya ndoa walihamia hapa Mlingotini, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa tarehe 4 Novemba 1980 na akafariki tarehe 6, kabla ya kupewa jina. Wazee wa upande wetu walisema mtoto humfuata baba, hazikwi na Waislamu, na wa upande wa pili walisema hakubatizwa, haingii makaburini kwao, basi shemeji Anselmi alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba hii, pale mnapoona mwarobaini na mawe meupe. Wa pili ni Zuwena, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1983, ambaye mnamwona hapa mbele.

Shemeji Anselmi alifariki tarehe 2 Februari 2004. Kwenye msiba wake dada alipotaka kuketi mahali pa mjane, mama mmoja wa jumuiya ya kanisa alimwambia mbele za watu, "Ndoa ya kanisani huna, na hawara hana mkeka hapa." Akamwona mumewe akizikwa, yeye akiwa nje ya uzio wa makaburi, ameshika miwani ya Anselmi.

Mwezi Machi 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Dar es Salaam hadi Januari mwaka huu, madaktari waliposhauri arudi nyumbani. Ndipo alipokumbukwa, kwa kuwa wanafunzi wake sasa ni maimamu, mapadre na wakuu wa idara, na kila upande ukaona aibu ya kumpoteza kwa mwingine. Asubuhi walikuja kina mama wa msikitini, "Bi mkubwa, tamka shahada tu, neno moja," na jioni wakaja wa kanisani na chupa ya maji ya baraka, na dada, ambaye kumeza uji tu kulikuwa kazi, aliwaambia wote, "Njooni Jumatano wanangu, leo nimechoka kuokolewa."

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, katika chumba kile, mkono wake ukiwa mkononi mwa Zuwena. Aliacha karatasi aliyoiandika mwenyewe, yenye ombi moja, kuzikwa chini ya mwarobaini pamoja na mtoto wake. Saa tano jeneza la msikiti lilikuwa limefika mlangoni, saa sita likafika sanduku la kanisani, na hakuna aliyekubali kutoka. Wazee wa pande zote waliisoma karatasi wakasema kuzika uani ni kumzika mtu kama paka. Zuwena aliwasihi, "Babu zangu, mama si kiwanja mgombee mipaka," wakamwambia mtoto wa ndoa ya bomani hana kauli. Siku mbili dada amelala kwenye barafu.

Jana alasiri Mzee Mohamedi, binamu yetu, alisema, "Kama wao hawampati, mimi sina neno, azikwe hapo hapo," na upande wa pili wakakubali kwa sababu ile ile. Hivyo ombi la marehemu limekubaliwa, si kwa kuheshimiwa, bali kwa kuwa kila mmoja ameridhika mwenzake amekosa. Imamu amesema hawezi kumswalia hapa, katekista amesema hawezi kusali hapa, na sitawalaumu, kila mmoja ana mkubwa wake wa kumjibu. Lakini jueni kwamba haya ninayosoma ndiyo ibada yote mtakayoisikia.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa Dar es Salaam, walimu wenzake, na majirani wa Mlingotini waliochimba kaburi tangu asubuhi bila kuuliza ni la dini gani. Wa pekee ni Bi Sada, mchuuzi wa samaki, aliyetoa barafu ya biashara yake siku zote mbili, kisha jana jioni, waosha maiti wa msikitini na kina mama wa jumuiya walipokataa kwa pamoja, akakunja kanga akamwosha dada yangu akisaidiana na Zuwena.

Dada Hafidha, shikamoo. Pumzika kwa amani ambayo sisi tulikunyima.