Dawa ya Pacha Mmoja

Katika kiti cha mbele yangu basini, mama kijana alikuwa amempakata binti yake aliyezibwa sikio kwa pamba. Bibi aliyekaa naye, muuguzi mstaafu kwa maelezo yake mwenyewe, aliuliza kama mtoto alimaliza dawa. "Iliisha, shangazi. Alipata nafuu, kisha usaha ukarudi. Leo nakwenda kuomba yenye nguvu zaidi."

"Aliinywa yote peke yake?"

"Na pacha wake. Yule haumwi, ila ukimnyima kitu mmoja wao, nyumba haikaliki. Kila kijiko niligawa nusu kwa nusu. Si walikaa tumbo moja?" Hoja hiyo, nilikiri moyoni, ilikuwa na uzito wote isipokuwa wa kitabibu.

"Tumbo moja, sawa, mwanangu, lakini sikio linaloumwa ni la huyu. Nusu dozi huua vijidudu dhaifu tu. Vile sugu hubaki na kuzaana kwa nafasi, na huenda sasa dawa ile haivitishi tena. Na yule mzima, vya kwake umevizoesha dawa bure."

Mama alifungua mkoba wake. Akatoa biskuti, akaivunja, nusu akampa mtoto, nusu akaifunga kwenye leso.

"Hiyo gawa," muuguzi alisema taratibu.

Basi liliposimama mbele ya hospitali, mama aliinuka na mtoto begani. "Nimekusikia, shangazi. Lakini chumba chetu ni kimoja. Huyu nitamnyweshea wapi, mwenzake asione?"