Hema Lisilo na Nguzo

Mbele yangu basini, kijana aliyekuwa akienda kutembea milimani wiki tatu alimwonyesha jirani yake wa kiti, mama fundi cherehani, begi lake jepesi. "Mswaki nimeukata mpini, lebo za mashati nimezing'oa zote. Hata hema halina nguzo, mama. Usiku nalisimamisha kwa fimbo hii hii ninayotembelea." Mama akauliza, "Na sweta, mwanangu?" "Zito." "Haya, na baridi nayo ukaikate mpini." Mimi, mwenye makoti mawili mapajani, niliyasukuma chini ya kiti.

Kijana akacheka. "Nikibeba vichache, mama, sina cha kusahau."

Basi liliposimama aliruka chini, mwepesi kama unyoya. Alikuwa ameshavuka barabara mama fundi alipoiona fimbo, bado imeegemea kiti.