Kamera ya Macho Mawili

Ukiingia mtaa wetu wa Makina, hapa Nairobi, kabla hujafika msikitini, utaona benchi la mbao limeegemea ukuta wa mabati, na mbele yake jiko la Marjan muuza kahawa na birika lake. Hilo benchi ni letu. Hatukulinunua, tumelikalia tu mpaka watu wakazoea. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana, lakini tulibishana, kwa sababu mwenzetu Shivachi aliweka kamera yake katikati yetu akasema imemshinda. Ni ile aina ya zamani, sanduku lenye lenzi mbili mbele, moja juu ya nyingine. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unachungulia kioo kilicho juu yake. Lenzi ya juu ni ya kuona tu, ya chini ndiyo inayopiga picha. Aliinunua Kawangware, kwa muuza mitumba, kwa ajili ya mama yake. Mama Nereah anarudi Vihiga kesho asubuhi, na Nairobi haji tena, figo zimemchosha. Anataka picha moja ya mraba kama ile ya marehemu mumewe iliyo ukutani kule nyumbani, siku yake ikifika wawili hao wakae pamoja. Za simu hazitaki. Simu zimeibwa zikiwa na sura yake ndani, anasema, hajui sasa yuko mfukoni mwa nani.

Shivachi: Wasee, mimi nimechoka. Nikiangalia hapa juu naona mathe poa kabisa. Nikifinya, inalia kh'. Filamu ikienda kuoshwa inarudi blank. Mbili sasa. Imebaki hii moja ndani.

Aliyemjibu ni Omolo, tunayemwita Injinia. Hutengeneza simu na redio Mashimoni, na kamera hii ilipita mikononi mwake.

Injinia: Kwani uliichagua aje?

Shivachi: Zilikuwa kadhaa. Nikachukua yenye ngozi haijatoka. Na juu ilikuwa inaonyesha vizuri.

Injinia: Ulichagua poa. Mimi nikaifungua, nikapanguza kioo, kulikuwa na ukungu. Ilikuwa inakwama kwama, nikaimwagia mafuta ya cherehani. Saa hii kila kitu inateleza. Shida si kamera.

Diaspora: Shida ni filamu.

Huyu ni Timothy. Alilinda geti Doha muda mfupi, akarudi, na hajawahi kunyamaza kuhusu Doha.

Diaspora: Hiyo filamu ilikuja na ndege. Airport kuna ile mashine ya kumulika mabegi. Ikimulikwa inakuwa kipofu. Mimi niliona Doha.

Marjan: Uliona filamu?

Diaspora: Niliona mashine.

Marjan alitujazia vikombe, akaweka birika chini akiguna. Mgongo unamsumbua.

Injinia: Mnajua hii kitu inaonyesha kinyume? Mathe akienda kushoto, kwa kioo anaenda kulia. Sasa picha inaenda upande mmoja, filamu inaingojea upande mwingine.

Mimi: Inaingojea wapi?

Injinia: Si nimekwambia, upande mwingine.

Diaspora: Hapana, buda. Hii ni kamera ya nchi za baridi. Ikifika kwa joto inachoka kama sisi. Inapiga kelele ya kazi, lakini kazi haifanyi.

Marjan: Mimi naona imejaa. Miaka yote hiyo imepiga harusi, watoto, matanga. Sura za watu zimejaa humo. Mama yako ataingia wapi?

Siku nyingine tungecheka. Shivachi alikuwa akizungusha kikombe bila kunywa.

Shivachi: Msiongee hivyo. Mimi naogopa. Naogopa hiyo siku ifike nikose picha ya kubeba mbele ya jeneza. Nitachukua ile ya kitambulisho nikuze, na pale hata macho yake hayaonekani.

Mara Mama Nereah mwenyewe akatokea, anakuja polepole akishika ukuta. Alikuwa na gauni la zambarau na kitambaa cheupe kichwani kilichopigwa pasi vizuri.

Nereah: Hamjambo. Nimechoka kungoja kwa nyumba. Nimevaa tangu asubuhi.

Marjan: Karibu, mama. Kaa hapa.

Alimpa stuli yake, akaiweka mbele ya ukuta palipo na mwanga. Shivachi akaishika kamera tumboni, akainama. Sisi sote tukainuka tukainama naye, vichwa vinne na chake, kama tulivyofanya kila mara. Kwenye kioo mama alikuwa safi kabisa. Aliweka mikono mapajani, akanyoosha shingo. Ikalia kh'.

Nereah: Umemaliza?

Shivachi: Nimemaliza, mama.

Nereah: Na hilo jicho la chini litafunguka saa ngapi?

Tukatazamana. Kwa siku zote hizo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama upande wake, mbele ya lenzi.

Mimi: Liko aje, mama?

Nereah: Limefunga. Siku baba yenu alipopigwa ile ya ukutani nilikuwa namshikia kola, nikaliona jicho la kamera ile likipepesa. Hili limelala.

Shivachi alizunguka, akachuchumaa karibu na magoti ya mama yake, akaigeuza kamera iwatazame wote wawili. Akafinya tena. Kh'. Nasi tukaona. Ndani ya lenzi ya chini vile vibati vyembamba vinavyopaswa kufunguka na kuingiza mwanga vilikuwa vimegandana, vinang'aa mafuta, na havikusogea hata kidogo. Injinia alitazama vidole vyake.

Injinia: Ni mafuta yangu. Shivachi, niwie radhi. Nilidhani naisaidia.

Nereah: Itafunguka kabla basi iondoke?

Injinia alitoa bisibisi ndogo mfukoni, akaanza na skrubu ya kwanza. Marjan aliinamisha birika, likatoka machicha tu.

Shivachi: Mama, enda ulale kidogo. Nitakuamsha.

Nereah: Nikilala nguo itakunjana.

Akabaki pale pale kwenye stuli, mikono mapajani. Uso wake wa picha alikuwa ameshauweka, na hakuuondoa.