Kivuko cha Chini kwa Chini

Pale njia mbili zinapokutana, baina ya posta ya zamani na chumba cha kinyozi, pana benchi la mbao lililolainika kwa kukaliwa. Hapo ndipo Mama Birika anapouza kahawa. Asubuhi hiyo gari la matangazo lilikuwa limepita sasa hivi. Halmashauri ya jiji itachimba kivuko cha chini kwa chini, watu wavuke barabara bila kugongwa. Mlango wake utakuwa ama penye posta, ama penye benchi. Na madiwani wengi wanataka posta ihifadhiwe, kwa kuwa ni jengo la kihistoria. Posta ikipona, benchi litang'olewa. Wateja wake watatu walianza kulichambua tangazo kabla vumbi la gari halijatua.

— Kivuko ni chombo cha majini — alisema Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu akianza kusema hasimami. — Kwa hiyo huko chini wataleta maji.

— Maji ya nini? — akauliza Kinyozi, wa chumba cha jirani. — Watu watapita kwa miguu.

— Ndiyo maana wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nendeni na taulo.

— Mimi kinachonitatiza ni hicho "chini kwa chini" — akasema Profesa, fundi wa miavuli, ambaye uprofesa alipewa na miwani yake. — Jambo la chini kwa chini ni la siri. Mbona wanalitangaza kwa kipaza sauti?

— Ili tusidhani ni siri — akajibu Kinyozi.

— Umeona ujanja wao!

— Na dari itakuwa fupi — Kinyozi akaongeza. — Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Warefu wataingia wima, watokee ng'ambo na vibiongo.

— Watokee na adabu! — akasema Breki.

Mama Birika akaligonga birika kwa kijiko.

— Jamani! Nyie mnawavusha warefu, benchi langu linavushwa kwenda jalalani. Wanangu wamesomeshwa na benchi hili, na wa mwisho bado hajamaliza. Nisaidieni kufikiri basi.

Wakaona haya kidogo. Profesa akakohoa.

— Dawa ya historia ni historia, dada yangu. Na sisi tuseme benchi ni la kale.

— La kale hasa! — Breki akadakia. — Bibi yangu aliposwa hapa hapa.

— Bibi yako? Benchi hili kalipigilia shemeji yangu wanangu wakiwa wadogo, na msumari wake mmoja unanichoma mpaka leo — akasema Mama Birika.

— Basi msumari ndio wa kale.

— Mimi nilimwona mfalme amekaa hapo ulipokaa — akasema Kinyozi.

— Mfalme gani? — akauliza Breki.

— Nitamjuaje? Alivaa kiraia.

— Mnachekesha — akasema Profesa. — Hata hiyo posta ilijengwa baadaye, ili barua za benchi hili zipate pa kupitia!

Walikuwa bado wanabishana kama mfalme huyo alilipia stempu za barua zake, alipofika binti mmoja, buti zina tope, utepe wa kupimia shingoni.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu.

Akaagiza kahawa, akasema ametumwa na halmashauri kuitazama kona hii.

— Hata benchi linaweza kuhifadhiwa, mama, kama pana jambo lililowahi kuamuliwa na waliolikalia. Hebu niambieni, wazee: tangu muanze kukaa hapa, mmewahi kukubaliana jambo gani?

Breki akainamia kikombe chake. Profesa akafuta miwani iliyokuwa safi. Mama Birika aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayepapasa mkoba akitafuta funguo.

— Kahawa — Kinyozi akasema mwishowe. — Ya hapa ni nzuri. Hilo tumekubaliana.

— Ni nzuri — akasema Profesa. — Ila kali mno.

— Kali, hii? — Breki akaruka. — Haya ni maji ya kusuuzia birika!

Binti alikuwa ameinua kalamu, anangoja. Mama Birika akawapokonya vikombe vyote vitatu, vikiwa bado vimejaa nusu.

— Hamnywi hata tone mpaka mkubaliane — alisema, akamsogezea mgeni nafasi kwenye benchi, akammiminia kikombe cha pili.