Mama Nestory na Wateja Waliotuhama

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Bi. Mektilda Mageni, ambaye Geita nzima inamwita Mama Nestory, anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza mwaka 2003 akiuza vocha za kukwangua chini ya mwavuli pale stendi. Anaondoka akiwa msimamizi wa huduma kwa wateja katika tawi letu la kampuni ya simu.

Wengi wetu ametufundisha kazi. Ndiye aliyemrudishia mchimbaji mmoja laini mara nne ndani ya mwezi mmoja, maana kila mara simu ilidumbukia shimoni. Mara ya nne akamfungia simu shingoni kwa kamba ya kiatu. Wazee kutoka vijijini aliwasalimia kwa Kisukuma, wakatulia kabla hajagusa kompyuta.

Nilitakiwa niishie kwenye sifa. Lakini mimi, Gregory, nilikuwa meneja wake mwaka 2017, wateja waliporuhusiwa kuhama mtandao na kubaki na namba zao zilezile, na kuna mambo ambayo faili lake haliyasemi.

Mwaka ule watu walianza kutuhama. Ombi la mteja la kuhama likikataliwa kwa sababu jina lake la usajili lilikosewa, ilimbidi aje kwetu kulirekebisha. Niliwaagiza wafanyakazi wamwambie mfumo uko chini, arudi kesho. Mfumo haukuwa chini.

Asteria, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Nkome, alizungushwa mara mbili. Kwao mtandao wetu ulikuwa ukikatika kutwa, na namba ile wanunuzi wake walikuwa wameizoea kwa miaka minane. Safari ya tatu Mama Nestory aliinuka, akaja mezani kwangu, wateja wakisikia.

"Meneja, huyu mama akibaki kwa sababu tumemfungia mlango, huyo si mteja wetu tena."

Akarudi, akarekebisha jina. Asteria akahama siku ileile. Mimi nikamwandikia Mama Nestory barua ya onyo, kisha nikamhamishia tawi la mbali, Ushirombo. Mumewe alikuwa amepata kiharusi miezi miwili kabla. Nilijua. Kwa miaka mitatu alisafiri kila Ijumaa kurudi Geita kumuuguza.

Akiwa Ushirombo alinitumia taarifa ya kurasa sita. Alikuwa amewapigia simu waliohama, mmoja mmoja, akaandika sababu zao. Wengi hawakufuata bei nafuu. Walifuata mtandao unaoshika. Niliipeleka makao makuu kwa jina langu. Mnara ukajengwa Nkome, washindani wetu nao wakaboresha minara yao, na baadhi ya wateja wakarudi, Asteria akiwemo. Nikapandishwa cheo.

Wiki iliyopita nilimsomea maneno haya, macho yangu yakiwa kwenye karatasi.

"Afadhali umesema nikiwa nasikia," akasema. "Ila Baba Nestory naye alistahili kusikia."

Baba Nestory tulimzika mwaka 2021. Nilikuwepo msibani, nikampa mjane mkono, nikarudi ofisini.

Nimeomba barua ile ifutwe, na taarifa ile iandikwe jina la mwenyewe. Ni kidogo, tena nimechelewa.

Mama Nestory, asante kwa kazi, na unisamehe ukiweza. Sote tawini tunakuombea afya njema, shamba lenye mvua ya kutosha, na wajukuu wa kukuchosha.