Fundi Timazi na Ukuta wa Kaskazini

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, nanyi mafundi mliofika na nguo za kazi kwa sababu ambayo nitaieleza, familia imenituma mimi, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu kama yalivyokuwa, na lile jambo la ukuta mtalisikia lote, maana alituagiza kwa mdomo wake tusilifunike.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa mpaka rangi wa mabehewa na mama yake mshonaji, naye alibatizwa tarehe 25 Desemba mwaka huohuo katika kanisa hili hili, ambalo tayari lilikuwa limetimiza miaka sitini na tano.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 katika shule ya misheni iliyo ng'ambo ya barabara, akamaliza 1964, kisha mwaka 1966 akaingia chuo cha ufundi, alikohitimu uashi tarehe 30 Novemba 1968. Huko ndiko alikopewa jina la Timazi, kwa kuwa ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia wima wa ukuta haikutoka mfukoni mwake, na wengi wenu mnakumbuka alivyokuwa akikaribishwa chai kwenye nyumba ya mtu, akakodolea macho pembe ya sebule, halafu akauliza kwa upole ni nani aliyejenga pale.

Aliajiriwa na idara ya ujenzi ya manispaa tarehe 3 Februari 1969 kama fundi mwashi, akapanda hadi kuwa msimamizi, na tarehe 31 Mei 1981 aliacha kazi kwa hiari akafungua karakana yake mwenyewe nyuma ya soko la mbao.

Tarehe 3 Agosti 1974, hapa hapa mbele ya madhabahu, alifunga ndoa na mama yetu, karani wa posta na mwimbaji wa sauti ya kwanza, wakajaliwa watoto wanne, mimi mwaka 1975, mdogo wangu wa kiume 1978, wa kike 1982, na kitindamimba aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1986, akatutoka tarehe 2 Aprili mwaka huohuo.

Mwaka 1992, kanisa lilipochakaa mvua ikawa inaingia kwenye mawe, waumini waliunda kamati ya kujitolea, akina mama wakafanya tamasha la kwaya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wazee wakashindana kukimbia kuzunguka uwanja wa shule huku watu wakilipa kiingilio waje kuwacheka, na kwa michango hiyo baba alipewa kazi ya kuupiga lipu ukuta wa kaskazini, nje na ndani. Alitumia saruji iliyo bora kuliko zote, bila kuchukua ujira, na Jumapili tarehe 6 Septemba 1992 ukuta ulizinduliwa, laini kama meza, na kwa miaka karibu thelathini hakuna kazi aliyojivunia kuliko hiyo.

Nyufa zilianza kuonekana mwaka 2021. Tarehe 2 Machi 2022 mkaguzi wa majengo alibandika vipande kumi na viwili vya kioo chembamba upande wa ndani, kila kimoja kimegandishwa ncha zake mbili juu ya ufa, ili ukuta ukisogea hata unene wa unywele kioo kivunjike, akaacha barua inayosema kwamba kioo chochote kikivunjika apewe taarifa siku hiyohiyo, na kwamba ukuta usipotulia jengo litabomolewa. Kila mtu alilaumu malori ya barabarani. Baba peke yake alikwenda nyuma ya chumba cha mchungaji, akabandua lipu kipande cha ukubwa wa sahani, akaingiza kidole, kikazama. Mawe yale yalijengwa kwa chokaa, na ukuta wa chokaa hupumua, hunywa maji ya mvua na kuyatoa, ila saruji yake ilikuwa imeufunga mdomo, na maji yote ya miaka thelathini yalikuwa humo ndani yakiula.

Kwa siku kumi na moja chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda, hadi mama alipomkalia mbele na kumuuliza ana nini, naye akajibu, "Mama watoto, nimelivisha kanisa nailoni." Mama hakumfariji wala hakumgombeza, alimwambia tu, "Basi kalivue."

Jumapili tarehe 24 Aprili 2022, baada ya matangazo, alisimama akasema yote. Nadhani hakuna aliyekuwepo aliyesahau sauti ya mwenyekiti wa kwaya, "Yaani fundi, tuliimba mpaka makoo yakakauka ili tuje kuua kanisa letu wenyewe?" Kuna waliotoka nje. Kuna waliotaka saruji iachwe, wakisema ndiyo inayoshikilia mawe, na baba aliwajibu kwamba ni kweli, inayashikilia, na hilo ndilo lililomwogopesha, kwa sababu kuibandua kungeweza kuangusha ukuta na kuiacha kungeuangusha bila shaka.

Ukuta ukaegemezewa nguzo za mbao, kazi ikaanza mita moja moja, kila Jumamosi. Chuo hakikumfundisha chokaa, hivyo akiwa na miaka sabini na mitatu alijifunza upya, michanganyiko miwili ya kwanza ikapasuka kama tope la kiangazi, wa tatu ukakubali. Michango nayo iligoma, tamasha la kwanza likahudhuriwa na watu kumi na wanne, ndipo mama akatoa wazo la Siku ya Kubandua, kwamba kila familia iliyochanga mwaka 1992 ije ilipie nyundo na tindo, ibandue yenyewe kipande chake.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2022, na watu walifurika, kwaya ikiimba uani, baba akikimbia huku na huko akiwashika mikono, "Taratibu, shangazi, hizo si kuni!" naye shangazi akimjibu, "Niache, nina hasira za miaka thelathini!" Saa nane na dakika kumi, ndani, kioo cha saba kilikatika. Aliamuru nyundo zote ziwekwe chini, akawatoa watu hadi ng'ambo ya barabara, yeye akarudi ndani peke yake, akaweka kiganja ukutani akakaa hivyo kwa robo saa, mama akiwa amemfuata hadi kwenye ngazi za mlangoni, akimwita kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, "Wewe mwanaume, si ungeuoa huo ukuta! Toka!"

Ukuta haukuanguka. Alipotoka, mjumbe mmoja wa kamati alimvuta pembeni akamwambia kioo kinabadilishwa kwa dakika tano, nani atajua, wakijua kanisa litafungwa. Baba alimwomba mdogo wangu simu, akampigia mkaguzi pale pale mbele yetu sote. Kanisa likafungwa jioni hiyo, tukasali kwenye ukumbi wa shule kwa miezi tisa, na wapo waliopita nyumbani kwetu bila kubisha hodi muda wote huo. Hakulalamika. Aliongeza nguzo, akaendelea.

Kanisa lilifunguliwa Jumapili tarehe 30 Julai 2023, kwa sharti kwamba upande wa kushoto, ulipo ukuta wa kaskazini, usikaliwe hadi ukaguzi wa mwisho, ndiyo maana hata leo mmebanana upande wa kulia, na familia inawaomba radhi.

Kikohozi alichokuwa nacho tangu 2020 kilizidi, na tarehe 14 Novemba 2023 hospitali ilithibitisha kwamba mapafu yake yameharibiwa na vumbi la kazi. Daktari alimkataza kukaribia ukuta, akakubali, kisha akawa anakuja kukaa kwenye kiti mlangoni, kitambaa mdomoni, akisikiliza mlio wa mwiko na kusema ni wapi palipobaki na uwazi. Alilazwa wodi namba tatu tarehe 28 Mei 2024, na Jumanne tarehe 11 Juni, saa tatu na robo asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, alifariki dunia, siku mbili baada ya kutimiza miaka sabini na mitano, zikiwa zimebaki mita nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliopika na kulala nasi, kwaya ya akina mama pamoja na mwenyekiti wake, ambaye alimletea marehemu uji kila asubuhi hospitalini, na mkaguzi wa majengo, aliyefika leo saa moja asubuhi, akavipitia kwa tochi vioo vyote kumi na viwili, pamoja na cha saba alichokuwa amekibandika upya, akavikuta vizima, ndipo akaruhusu jeneza liingie.

Tunawashukuru zaidi mafundi wenzake, ambao juzi Alhamisi, tukiwa matangani, walizimaliza zile mita nne, kwa sababu aliwaapisha kwamba kifo chake kisisimamishe kazi. Ukaguzi wa mwisho ni tarehe 27 mwezi huu. Chokaa mbichi haitakiwi kukauka haraka, ikikauka itapasuka na yote haya yatakuwa bure, hivyo hulowanishwa mara tatu kwa siku, asubuhi, saa sita na jioni. Saa sita itatukuta katikati ya ibada. Mtakapowaona mafundi wawili wakinyanyuka na ndoo na brashi, wakapita kando ya jeneza kuelekea upande wa kushoto, msishangae, wala mchungaji asikatize mahubiri.

Pumzika kwa amani, baba yetu, maji tayari yako kwenye ndoo.